Maswali ya wasomaji: Mama wa kambo kwenye filamu na mama wa kambo nyumbani

Tuliomba maswali kuhusu filamu zinazoonyesha familia zilizounganishwa: mke ana watoto wake, mume ana watoto wake, na pengine kuna wa wote wawili. Barua nyingi zilitoka Nyanda za Juu Kusini. Tumejibu tano.

Nizifute kwenye flashi?

*Habari za kazi. Niliolewa mwaka jana na mwanaume aliyefiwa na mke. Ana watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Juzi tuliangalia ile Cinderella ya watu, si ya katuni. Tangu siku hiyo yule mdogo akikasirika ananiita "mama wa kambo", tena kwa kulivuta neno kama kwenye filamu. Je, nizifute filamu za namna hii?*
*Mama mpya, Tukuyu*

Usizifute, dada. Ukizifuta leo, mtoto atajua kwamba neno lile limekuchoma, na kila akitaka kukuumiza atalirudia.

Hiyo mliyoiona, ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Kenneth Branagh, inafaa kuangaliwa tena, safari hii baba yao akiwepo. Iko tofauti na ile katuni ya Disney ya mwaka 1950. Katika katuni msimulizi anamtaja tu mama wa kambo kuwa mkatili na mwenye wivu, na hatuonyeshwi hayo yalianzia wapi. Katika hii ya 2015, anayoigiza Cate Blanchett, kuna mahali anasimama karibu na mlango na kumsikia mume wake mpya akimweleza binti yake jinsi anavyomkumbuka marehemu mama yake. Uso wake unabadilika pale pale. Mbele zaidi anasimulia mwenyewe kwamba alifiwa na mume aliyempenda, akaolewa tena kwa ajili ya binti zake, na huyo wa pili naye akafa. Filamu haimsafishi kwa hayo, ila inaonyesha ukatili wake ulianzia wapi. Mtoto wa miaka 9 hupitwa na vitu hivi kwa sababu macho yake yako kwenye panya na gari la boga.

Simamisha filamu pale mlangoni. Uliza: "Huyu mama amesikia nini?" Kisha nyamaza. Akijibu, uliza la pili: "Angemwambia nani?" Hayo mawili yanatosha, endeleeni kuangalia. Usiseme "unaona, hata mimi..." Ukijitaja mara hii, mazungumzo yote yanakuwa kesi yako.

Huyo wa miaka 13 mpe historia, umri wake unaipenda. Hadithi ya Cinderella ilichapishwa Ufaransa na Charles Perrault mwaka 1697. Nyingine tunazozijua zilikusanywa Ujerumani na ndugu wawili, akina Grimm. Katika chapisho lao la kwanza la mwaka 1812, aliyetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Katika chapisho la 1819 wakambadilisha, akawa mama wa kambo. Hadithi ya Hansel na Gretel, watoto waliotelekezwa msituni, nayo ilikuja kubadilishwa hivyo hivyo. Waliona haifai mama mzazi aonekane mkatili, wakamtwika mzigo mwanamke mwingine. Filamu zimeurithi mzigo huo, na umefika mpaka sebuleni kwako.

Suala la jina aliongee baba yao, si wewe. Akae na mtoto wakiwa wawili tu, amwambie kwamba nafasi ya marehemu haijachukuliwa na mtu, kisha wapatane wakuite nani. "Mama mdogo" ni jina ambalo lipo tayari kwenye lugha yetu na lina heshima yake. Na kama picha ya marehemu ilikuwa ukutani, ibaki pale pale ilipokuwa.

Ukitafuta nyingine ya kuangalia na huyo mdogo, jaribu "Onward" ya Pixar, ya mwaka 2020, dakika 102. Baba alifariki, na mama ana mchumba ambaye ni polisi mwenye mwili wa farasi. Mtu yule ni mwema, ana kelele, na vijana wanamwona kero tu. Watoto huizungumzia kwa urahisi kwa kuwa hakuna wa kumchukia.

Kwenye filamu anaitwa "baba" ndani ya saa mbili

*Ndugu wahariri, mimi ni fundi wa mbao. Nimeishi na mke wangu mwaka mmoja na nusu. Alikuja na kijana wake, sasa ana miaka 14. Kila filamu ninayoona, baba wa kambo anampeleka mtoto uwanjani mara moja, mwishoni wanakumbatiana na mtoto anamwita baba. Mimi huyu kijana ni "shikamoo" na kupita. Nakosea wapi?*
*Msomaji, Mafinga*

Kaka, huenda hujakosea popote. Umejipima kwa kipimo cha filamu, na kipimo hicho ni kibovu.

Mwandishi wa filamu ana dakika 90 hadi 120. Kazi ya miaka anaipitisha kwa picha fupi fupi zenye muziki juu yake: wanavua samaki, wanachekeana, gari linaharibika, wanalala njiani. Dakika mbili, na mtazamaji ameamini kwamba wamezoeana. Ni ufundi halali wa kusimulia. Shida ni kwamba mtu anatoka pale na kalenda ambayo nyumba yake haitaiweza. Patricia Papernow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na familia za kambo kwa miongo mingi, aliona kwamba zilizokwenda haraka zilichukua karibu miaka 4 kutulia, na nyingi zilifika miaka 7 au zaidi. James Bray, aliyezifuatilia familia hizi kwa miaka, alikuta miaka 2 ya mwanzo ndiyo yenye misukosuko mikubwa. Wewe una mwaka na nusu. Bado uko ndani ya wakati mgumu.

Filamu iliyojaribu kuutendea haki muda ni "Boyhood" ya Richard Linklater, iliyotoka 2014. Ilipigwa kidogo kidogo kwa miaka 12 na waigizaji wale wale, kwa hiyo mtoto anakua mbele ya macho yako. Ina dakika 165, jipange. Mtazame yule profesa Bill ambaye mama anaolewa naye. Anaingia na orodha ya kazi za nyumbani na amri zake, na siku moja anampeleka kijana kwa kinyozi na kumnyoa nywele ndefu bila idhini yake wala ya mama yake. Ulevi ndio unaoivunja nyumba ile, lakini nyufa zilianza kwa amri zilizotangulia upendo. Na kuna jambo linalouma ambalo wengi hawalitaji: mama anapokimbia na wanawe, watoto wawili wa Bill wanabaki, na filamu haiwaonyeshi tena. Walikuwa wameshakuwa ndugu.

Kosa la pili, la kushindana na baba mzazi, liko wazi katika "Daddy's Home" ya 2015. Baba wa kambo na baba mzazi wanapigania watoto kwa zawadi, kila mmoja akipandisha dau. Inachekesha, lakini angalia watoto wanavyojifunza bei. Kama baba wa kijana wako yu hai, usiingie kwenye mnada huo, hata akileta viatu vya bei gani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba wa kambo wengi huingia na kugawa majembe siku ya kwanza. Fanya hivi badala yake. Sheria za nyumba azitamke mama yake, hata zile mlizotunga pamoja. Mama asipokuwepo, wewe simamia lake: "Mama yako amesema taa zizimwe saa nne." Ukisema "mimi nimesema", unaomba mamlaka ambayo kijana hajakupa bado. Tafuta dakika 20 hivi, mara mbili kwa wiki, mkiwa wawili na mikono ina kazi. Kwako hilo ni rahisi: ashike futi wakati unapima mbao za mbili kwa nne, akusomee namba, ukate. Kijana wa umri huo huongea mkiwa mmeelekeza macho kwenye kazi. Mkikalishana uso kwa uso kwenye kochi, ananyamaza. Akianza kusema la maana, usiwashe randa.

Na ile "shikamoo" usiidharau. Filamu za Marekani hupima upendo kwa kukumbatiana na maneno matamu. Kijana wa Mufindi anayekuamkia kila asubuhi bila kusukumwa amekupa heshima. Subiri dalili nyingine: anapokuuliza kitu ambacho angeweza kumuuliza mama yake, au anapokwambia kwamba chakula chako kiko kwenye hotpoti. Jina "baba" usiliombe.

Kama mnataka kuangalia kitu pamoja, "Ant-Man" ya 2015 itampendeza. Shujaa wake ana binti, na Paxton, mchumba wa mama wa binti huyo, ni polisi anayemshuku baba mzazi, na mwishoni wanakaa meza moja kula. Usiichambue. Mle bisi tu.

Nataka kupiga filamu fupi Kihesa

*Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, Iringa. Nataka kupiga filamu ya dakika 20 kuhusu mama wa kambo na binti wa miaka 8, nyumba ya vyumba viwili, Kihesa. Fedha ni kidogo. Sitaki mama wa kambo yule wa kila siku. Nianzie wapi?*
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, na hongera. Barua hii imetufurahisha kuliko zote, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

Anza na jaribio hili. Andika hadithi yako, kisha futa neno "kambo" kila mahali. Kama mtazamaji bado anamjua mbaya kwa kucha zake ndefu, wanja na sauti ya kufoka, umeandika yule yule wa kila siku. Rudi uandike ukurasa mmoja wa sababu zake: alipanga nini alipokubali kuolewa, nani alimwambia nini, anaogopa nini usiku. Ukurasa huo hautapigwa picha, ila mwigizaji wako ausome.

Usianze na harusi wala na mazishi. Anza mwaka wa tatu, siku ya kawaida, watu wakiwa wamechoka. Hadithi za kambo zinaishi kwenye vitu vidogo, na nyumba ya Kihesa imejaa vitu hivyo. Kuna fomu ya shule yenye mstari wa jina la mama. Kuna kitanda: nani analala na nani, na nani amehamishiwa sebuleni mtoto mpya alipozaliwa. Kuna ndoo ya maji, inabebwa na nani. Na kuna sufuria ya mboga. Piga mkono wa mama ukiwa na upawa juu ya sahani mbili, ya mwanawe na ya yule binti, nyama zimebaki vipande vitatu. Mkono usite kwa sekunde tatu. Usiweke muziki. Hapo mtazamaji atatoa hukumu mwenyewe, na mpe sababu ya kuibadilisha dakika kumi baadaye.

Muswada ukiandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu, ukurasa mmoja ni karibu dakika moja. Kwa hiyo usizidishe kurasa 20. Kwa kikosi kidogo, kurasa 3 hadi 4 kwa siku ndizo zinazowezekana, maana yake siku 5 hadi 7. Panga siku za mtoto kwanza, watu wazima wafuate.

Kamera iwe kwenye usawa wa macho ya binti, karibu mita 1.15 kutoka sakafuni akiwa amesimama. Watu wazima wakiongea juu yake, acha vichwa vyao vikatwe na fremu. Lakini mama anapobaki peke yake jikoni, ipandishe kamera ifike kwenye macho yake. Filamu nyingi za kambo hukwama hapa: kamera inabaki upande wa mtoto tangu mwanzo mpaka mwisho, na aliye upande wa pili anakuwa jitu. Katika "Stepmom" ya mwaka 1998, mama mzazi anayeumwa kansa na mchumba wa baba kila mmoja amepewa muda wa kuwa peke yake na sisi, na ndiyo maana hatuwezi kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Utazame mpangilio huo kabla hujaandika.

Chumba cha mita 3 kwa 3 kitakubana. Usikimbilie lenzi pana sana ya simu, inapindisha nyuso zilizo pembeni. Tumia lenzi kuu, toa mlango kwenye bawaba kama mwenye nyumba anakubali, upige ukiwa koridoni.

Sauti ndiyo huangusha filamu za wanafunzi. Mvua ya Desemba hadi Aprili juu ya bati haiwezi kufutwa na programu yoyote. Piga kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo ina upepo na baridi, kwa hiyo kipaza sauti kivikwe kizuia upepo, na cha kubana kwenye nguo kisiwekwe chini ya sweta kwa sababu kitakwaruza. Kibane kwenye ukosi. Kila mkimaliza eneo, wote mnyamaze na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, zitaziba mapengo wakati wa kuhariri. Na jambo moja la usalama tunalisisitiza: baridi ya Iringa hushawishi watu kufunga milango na kuacha jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua. Jiko liwake nje. Kwenye picha weka makaa yaliyozimwa na taa ndogo nyekundu chini yake.

Sasa huyo binti. Pata ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na awepo mtu wake kila siku. Saa 4 za kazi kwa siku zinatosha kwa miaka 8. Matusi na makemeo yatamkwe kwa jina la mhusika, kamwe si kwa jina lake halisi, na baada ya eneo gumu yule mwigizaji wa mama ndiye wa kwanza kucheza naye. Usichukue mtoto anayeishi na mama wa kambo kweli aigize maisha yake, hata kama anaigiza vizuri kuliko wote.

Kabla ya kupiga, pitia kwa ofisa utamaduni wa halmashauri akuelekeze kuhusu kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali cha kutengeneza, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Mbona ni talaka tu?

*Filamu zote ni za watu walioachana. Huku kwetu wengi tumeunganishwa na msiba. Kuna zinazotuhusu?*
*Mjane aliyeolewa tena, Njombe*

Umeona sawasawa, mama. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe yakiwa asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba nyingi zilizoanza upya baada ya kaburi. Filamu za sasa za Marekani huanzia mahakamani kwa sababu huko ndiko familia zao nyingi za kambo zinakotokea.

Za zamani zinakukaribia zaidi. "The Sound of Music" ya 1965 ina baba mjane mwenye watoto 7. "Yours, Mine and Ours" ya 1968 inamuunganisha mjane mwenye watoto 8 na mgane mwenye 10, na inatokana na familia ya kweli. Zote mbili zina upungufu mmoja mkubwa kwetu: ukoo haupo. Hakuna bibi upande wa marehemu anayetaka wajukuu likizo ya Juni na Desemba. Hakuna shangazi mwenye neno juu ya shamba. Mkishaangalia, jazeni ninyi kilichokosekana: likizo watoto watakuwa wapi, michango ya shule inatoka mfuko gani, kaburi linatembelewa lini na nani anakwenda. Na mali ya marehemu iandikwe mahali kabla haijachanganywa na ya ndoa mpya. Mtoto wa kambo harithi moja kwa moja kutoka kwa mzazi wa kambo. Anayetaka apate aandike wosia, au afuate njia ya kuasili kupitia Ustawi wa Jamii na mahakama.

Kikundi cha wazazi

*Tunataka kuonyesha "Instant Family" kwa kikundi cha wazazi hapa Uyole. Mnashauri nini?*
*Kiongozi wa kikundi, Uyole*

Ni chaguo zuri, ila waelezeni kwanza inahusu nini. Filamu hiyo ya 2018 inahusu wenzi wanaochukua ndugu watatu kutoka kwenye uangalizi wa serikali, kisha wanawaasili. Kwenye ofisi zetu za Ustawi wa Jamii hiyo huitwa "malezi ya kambo", na wengi wakilisikia neno hilo wanadhani ni mke au mume aliyekuja na watoto. Ni mambo mawili, na msipoyatenganisha mwanzoni, mjadala wote utakwenda kombo. Mkipata iliyotafsiriwa na msimuliaji wa vibanda umiza, isikilizeni yote kabla: wengine huongeza utani wao mahali ambapo mtoto analia.

Msiionyeshe nzima. Ina karibu saa mbili, na watu watachoka kabla ya kuongea. Chagueni vipande vitatu vya dakika 10 hivi. Kimoja kiwe cha wiki za mwanzo kila mtu anapojifanya mwema, na kimoja cha binti mkubwa, Lizzy, anapogoma. Baada ya kila kipande, dakika 15 za mazungumzo. Watafiti Kim Leon na Erin Angst, walioandika mwaka 2005 kuhusu familia za kambo kwenye filamu, walikuta taswira nyingi ni mbaya au mchanganyiko, lakini waliona zinafaa kufundishia wanaojiandaa kuoa tena, kwa sababu mtu huweza kumkosoa mhusika kabla hajajikosoa mwenyewe. Kwa hiyo ulizeni "huyu baba angefanyaje?" na msimuulize mtu yeyote kuhusu nyumba yake mbele ya wengine. Watoto wasiwepo. Filamu iwe kwenye flashi mbili, spika ijaribiwe kabla, na viti vya karibu na mlango viachwe wazi kwa atakayetaka kutoka bila kupita mbele ya watu.